Egnogi ya Krismasi Inayofaa Kila Aliyeketi Mezani

Katika nyumba nyingi za Marekani, hasa katika majimbo ya pwani ya mashariki, msimu wa Krismasi hauingii bila egnogi. Ni kinywaji kizito cha maziwa, mayai, sukari na krimu, chenye kungumanga iliyokunwa juu yake na, kwa desturi ya wengi, ramu, brandi au wiski ndani yake. Nilikifahamu nilipokuwa nikitunza wazee majumbani mwao huko Maryland, kazi ambayo Waafrika Mashariki wengi tunaoishi huku tumeipitia, na nilijifunza kukitengeneza kwa sababu bibi mmoja niliyemhudumia hakuwa tayari kuipitisha sikukuu bila kukinywa. Tangu wakati huo nimeendelea kukitengeneza kila Desemba, kwanza jikoni kwake na baadaye nyumbani kwangu, na kwa muda huo wote nimezidi kuamini kwamba egnogi ya sikukuu inapaswa kutengenezwa kwa namna ambayo mzee, mtoto, mjamzito na jirani asiyegusa pombe wataweza wote kumiminiwa kutoka katika jagi moja. Jambo hilo linawezekana, na ladha haipotei, ilimradi mayai yapikwe kwa uangalifu na pombe iwekwe kando.

Bibi huyo alikuwa amepita miaka 80, mjane, mwenye akili timamu na kauli isiyopingwa jikoni kwake. Familia yake ilikuwa na kadi ya mapishi iliyoandikwa kwa mkono na mama yake mzazi, kadi ambayo kingo zake zilikuwa zimelainika kwa kushikwashikwa na ambayo ilikuwa na alama ya duara ya rangi ya hudhurungi mahali ambapo mtu aliwahi kutua chupa. Mapishi yenyewe yalikuwa ya kizamani. Viini vinatenganishwa na ute. Viini vinapigwa pamoja na sukari hadi rangi yake ififie. Brandi na ramu vinamiminwa kidogo kidogo huku mpigaji akiendelea kupiga. Maziwa na krimu vinafuata. Na mwisho ute, uliopigwa peke yake hadi ukasimama kuwa povu gumu, unachanganywa taratibu kwa mwiko ili povu lisivunjike. Hakuna hatua yoyote ambayo sufuria inabandikwa motoni.

Familia hiyo haikuwa na jambo la peke yake. Mwaka 1862 Jerry Thomas, mhudumu wa baa aliyepata umaarufu mkubwa Marekani, alichapisha mapishi yake ya vinywaji, na miongoni mwake yamo ya egnogi ya Baltimore, mji mkubwa kuliko yote katika Maryland. Yanataka viini 16, sukari, kungumanga, brandi au ramu ya Jamaika, mvinyo wa Madeira, ute uliopigwa hadi kuwa povu, na maziwa mazito. Thomas alieleza waziwazi kwamba moto hautumiki, na akakisifu kinywaji hicho kuwa kinawafaa watu waliodhoofika na wagonjwa wa kifua kikuu. Nilipoyasoma maelezo hayo nilielewa kwa nini bibi aliamini kwa dhati kwamba egnogi ingempa nguvu za kuuvuka msimu wa baridi. Kwa watu wa zama zile mayai na maziwa vilikuwa lishe bora ambayo mtu mdhaifu angeweza kuimeza bila kutafuna, na hawakuwa na njia ya kujua kinachoweza kujificha ndani ya yai zima.

Lakini mila ya kutotumia moto si ya asili kabisa. Egnogi ilitokana na kinywaji cha Waingereza wa zamani kilichotengenezwa kwa maziwa ya moto na mvinyo au pombe ya shayiri, pamoja na viungo, na baadhi ya watu walikitia mayai. Walowezi waliohamia Amerika walikuta kwamba katika mashamba yao maziwa na mayai havikuwa vitu vya matajiri peke yao kama ilivyokuwa Uingereza, na kwamba ramu iliyotoka visiwa vya Karibi ilikuwa rahisi kuliko brandi na mvinyo wa Ulaya. Kinywaji kikaenea hadi kwa watu wa kawaida, na pombe ikazidi kuwa ndiyo roho yake. Usiku wa Krismasi mwaka 1826, wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point, waliokuwa wamekatazwa pombe na mkuu wao Sylvanus Thayer, waliingiza wiski kwa siri ili watengeneze egnogi, na sherehe yao ikageuka fujo iliyovunja madirisha na samani na kuwafikisha baadhi yao mbele ya mahakama ya kijeshi. Ninaikumbuka historia hii kila ninapoambiwa kwamba egnogi iliyopikwa ni uzushi wa siku hizi, kwa sababu maziwa ya moto yalikuwamo katika kinywaji hiki kabla ya ramu ya Karibi.

Sisi wa leo tunajua habari ambazo Jerry Thomas hakuzijua. Bakteria wa salmonela wa aina moja, anayeitwa Enteritidis, anaweza kukaa katika viungo vya uzazi vya kuku anayeonekana mzima kabisa, na akaingia ndani ya yai kabla ganda halijaundwa. Kwa hiyo yai safi lisilo na ufa, lililooshwa kiwandani na kuwekwa katika friji ya duka, bado linaweza kumbeba bakteria huyo. Mayai ya namna hiyo ni machache, na mtu mzima mwenye afya akipatwa na ugonjwa wake kwa kawaida huharisha na kuumwa tumbo kwa siku kadhaa, kisha akapona. Kwa mtu aliyezidi miaka 65, mtoto wa chini ya miaka 5, mjamzito au mgonjwa ambaye kinga ya mwili wake imepungua, ugonjwa huohuo unaweza kuishia hospitali, na wapo wanaofariki. Tena egnogi ina hatari ya ziada ambayo yai la kukaanga halina, kwa kuwa mayai mengi huvunjiwa katika bakuli moja, na yai moja lenye bakteria huwa limeingia katika bilauri za wote.

Binti wa bibi, aliyekuwa amekuja kutoka jimbo jingine kwa ajili ya sikukuu, alitoa hoja ambayo ninaisikia hadi leo: je, pombe haiui vijidudu? Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inastahili jibu lililopimwa. Katika Chuo Kikuu cha Rockefeller huko New York aliwahi kufanya kazi mwanasayansi Rebecca Lancefield, anayeheshimiwa duniani kote kwa kazi yake ya kuainisha bakteria wa kundi la streptokoka, na yeye alikuwa na desturi ya kutengeneza egnogi kwa ajili ya maabara yake wiki kadhaa kabla ya sikukuu, yenye mayai mabichi na pombe nyingi, akaiacha ikomae katika friji. Miaka mingi baada ya kifo chake watafiti wa chuo hicho waliitengeneza egnogi hiyo, wakaitia salmonela makusudi na kuipima. Baada ya wiki moja bakteria walikuwamo bado; ilipotimia wiki ya tatu hawakuonekana tena. Mtu akilitazama jaribio hilo vizuri ataona kwamba linamwonya badala ya kumpa ruhusa. Egnogi iliyopimwa ilikuwa na pombe kali kwa kiasi kikubwa na ilikaa wiki nyingi katika baridi, ilhali familia nyingi hutia pombe kidogo, tena saa chache kabla ya wageni kuwasili. Mamlaka za usalama wa chakula za Marekani nazo hushauri watu wasiitegemee pombe kuua bakteria wa mayai.

Hata kama pombe ingekuwa dawa kamili, isingekuwa dawa kwa bibi yangu. Alikuwa akimeza dawa za usingizi na za maumivu, na pombe ikikutana na dawa za aina hiyo huzidisha usingizi na kizunguzungu. Kwa mzee ambaye mifupa yake imekuwa myepesi, kuanguka usiku akielekea msalani kunaweza kuwa mwisho wa maisha yake ya kujitegemea. Nilizungumza kwanza na muuguzi aliyekuwa akija kumpima, naye akathibitisha kwamba mayai mabichi na pombe vyote viwili visimfikie. Alinieleza pia jambo lililonifurahisha. Bibi alikuwa ameanza kupaliwa anapokunywa maji, na kinywaji kilicho kizito kidogo hushuka taratibu zaidi kooni, kwa hiyo egnogi laini isiyo na chembechembe ingeweza kumfaa kuliko chai, mradi anywe akiwa amekaa wima na kwa mafunda madogo. Ninawasihi watunzaji wenzangu wasiliamue jambo hilo wenyewe, kwa kuwa kila mgonjwa hupewa maelekezo yake kuhusu uzito wa vinywaji, na kinachomfaa mmoja kinaweza kumdhuru mwingine.

Kumwambia bibi lilikuwa jambo jingine. Wazee wa huku hawaongozwi kwa kuamriwa, sawa na wazee wetu, nami nililelewa kuamini kwamba mkubwa huelezwa na kuombwa. Nilikaa karibu naye nikamwambia, “Bibi, nataka unywe egnogi yako, na nataka uamke salama kesho yake. Niruhusu niyapike mayai.”

Akatikisa kichwa. “Ukishayapika, mwanangu, hiyo ni kastadi. Inaliwa kwa kijiko.”

Wasiwasi wake ulikuwa wa haki, na mapishi yote ya egnogi ya moto yamejengwa juu ya kuuondoa wasiwasi huo. Kastadi na egnogi hutofautiana kwa kiasi cha mayai na kwa nyuzi chache za joto. Protini za yai zinapopata joto hufunguka na kushikana, na kadiri zinavyoshikana ndivyo mchanganyiko unavyokuwa mzito. Joto likizidi, hukazana mno, hukamua maji, na mchanganyiko ukakatika kuwa mabonge madogo kama mayai ya kuvuruga. Maziwa na sukari huzitenganisha protini hizo na kuchelewesha kushikana kwake, ndiyo sababu maziwa yenye mayai huweza kupanda hadi nyuzijoto 71 za Selsiasi, ambacho ndicho kiwango kinachopendekezwa Marekani kwa kuua salmonela katika vyakula vya mayai, yakabaki laini. Hatari ya kukatika huanza mchanganyiko unapozipita nyuzi 80. Kati ya viwango hivyo viwili mna nafasi ya kutosha kwa mtu mtulivu mwenye kipimajoto, na kipimajoto cha jikoni ndicho kifaa cha kwanza ninachomshauri mtu anunue, kabla ya bakuli zuri la kioo wala bilauri za sikukuu.

Ninatumia mayai 6 mazima kwa lita moja ya maziwa yasiyoondolewa mafuta, gramu 100 za sukari, chumvi robo kijiko cha chai, vanila kijiko kimoja cha chai na mililita 250 za krimu nzito. Chumvi isiachwe; bila hiyo kinywaji huwa kitamu cha kukinaisha. Ninayapiga mayai na sukari na chumvi katika bakuli hadi kamba za ute zipotee kabisa, kwa sababu kamba za ute zisizopigwa ndizo zinazogeuka nyuzi nyeupe zinapopata moto. Maziwa yanapashwa pembeni hadi mvuke uanze kutoka na vipovu vidogo vionekane ukingoni mwa sufuria, bila kuachwa yachemke. Kisha ninachukua nusu ya maziwa hayo na kuyamimina juu ya mayai kwa mchirizi mwembamba, mkono wa kulia ukipiga bila kupumzika, ili mayai yazoee joto polepole. Mayai yakishakuwa na uvuguvugu, mchanganyiko wote unarudishwa katika sufuria yenye maziwa yaliyobaki, juu ya moto mdogo.

Kuanzia hapo mtu asiondoke jikoni, simu iite, mlango ugongwe. Ninakoroga kwa mwiko wenye ncha bapa, nikiupitisha chini kabisa ya sufuria na katika pembe zake, mahali ambapo mchanganyiko hushika kwanza. Dalili zinafuatana kwa mpangilio usiobadilika. Mwanzoni juu pamejaa povu la vipovu vidogo; kadiri joto linavyopanda povu hilo hupungua na kufifia, na uso wa mchanganyiko huanza kung'aa. Mwiko ambao ulikuwa ukipita kama katika maji unaanza kukutana na ukinzani mdogo. Mvuke unaongezeka. Mwiko ukiinuliwa, mgongo wake unabaki umepakwa tabaka jembamba, na kidole kikipitishwa katikati ya tabaka hilo kinaacha mstari ambao haujifungi. Hapo kipimajoto kitasoma nyuzi 71 au zaidi kidogo. Mimi huiachia ifike 74 ili niwe na uhakika, kisha ninaiepua papo hapo na kuichuja katika bakuli lililokalishwa ndani ya beseni la maji ya barafu, kwa sababu sufuria iliyoepuliwa huendelea kupika kwa joto lake yenyewe. Kuchuja ni lazima hata pale ambapo mchanganyiko unaonekana laini kabisa. Chujio hukamata vijiuzi vya yai na vipande vya ganda ambavyo jicho halikuviona, na kwa mzee anayepaliwa vijiuzi hivyo si jambo dogo.

Nusu ya krimu ninaitia mara moja, ikiwa baridi, nayo inasaidia kuupoza mchanganyiko. Vanila hufuata. Bakuli likishapoa linafunikwa na kuingizwa katika friji, na linalala humo usiku mzima. Subira ya usiku huo mmoja ina thamani kubwa kuliko kiungo chochote, kwa maana egnogi iliyotoka motoni siku hiyohiyo ina harufu ya yai inayosikika wazi, na ya kesho yake harufu hiyo imemezwa na maziwa na vanila, huku uzito wake ukiwa umeongezeka kwa kiasi cha kupendeza.

Kilichomsumbua bibi zaidi ya yote kilikuwa povu. Egnogi ya mama yake ilibeba juu yake povu jeupe la ute, nyepesi kiasi kwamba mnywaji alibaki na masharubu meupe, na bila povu hilo aliona kwamba amepewa maziwa matupu. Nilijaribu njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kutumia mayai yaliyoondolewa vijidudu yakiwa bado katika maganda yake, ambayo huuzwa katika baadhi ya maduka huku. Huwekwa katika maji ya takriban nyuzijoto 57 kwa zaidi ya saa moja, joto linaloua bakteria bila kuligandisha yai. Ute wake hutoa povu, ingawa huchelewa kusimama na huhitaji kupigwa kwa muda mrefu kuliko ute wa kawaida. Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoitumia hadi sasa, ni kuipiga ile nusu ya krimu iliyobaki hadi ianze kushika umbo laini, kisha kuichanganya na egnogi muda mfupi kabla ya kumimina. Povu la krimu ni zito zaidi na hudumu zaidi. Bibi alilionja, akanyamaza kidogo, akasema kwamba lile la mama yake lilikuwa jepesi kuliko hili lakini hili analitaka tena. Niliona kwamba amesema kweli katika sehemu zote mbili.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisinunue ya dukani, ambayo tayari imepashwa moto kiwandani na ni salama. Siipingi, na kwa mtunzaji asiye na muda ni bora mara kumi kuliko ya mayai mabichi. Lakini kanuni za Marekani zinaitaka egnogi ya kibiashara iwe na angalau asilimia 6 ya mafuta ya maziwa na asilimia 1 tu ya yabisi ya viini vya mayai, na kwa kuwa viwanda havina sababu ya kuzidisha mayai, uzito wa nyingi kati yake hutokana na vigandishi vilivyoorodheshwa kwenye pakiti. Sukari yake nayo huwa nyingi. Nyumbani ninaweza kuipunguza, na kwa mgonjwa wa kisukari kipimo cha sukari na ukubwa wa bilauri ni mambo ya kupangwa mapema pamoja na anayesimamia mlo wake.

Kungumanga ndiyo iliyonifanya nikione kinywaji hiki kuwa na undugu na kwetu. Asili yake ni visiwa vya Banda vya Indonesia, lakini mtu aliyewahi kutembea katika mashamba ya viungo ya Unguja anaujua mti wake na tunda lake la manjano, ambalo likiiva hupasuka lenyewe na kuonyesha basbasi, ule utando mwekundu uliolizunguka ganda jeusi kama wavu. Ndani ya ganda hilo ndimo mlimo na kokwa yenyewe. Familia ya bibi ilikuwa ikitumia unga wa kungumanga wa kichupa, wa siku nyingi, ambao ulibaki na rangi ya vumbi na harufu hafifu. Nilileta kokwa nzima nilizotumiwa kutoka nyumbani, nikaikuna moja mbele yake kwa kikunio chenye matundu madogo. Ikishakunwa kidogo, ndani huonekana mishipa ya hudhurungi iliyojipinda katika nyama iliyopauka, na mafuta yaliyomo katika mishipa hiyo ndiyo yanayotoa harufu; unga wa dukani umeshayapoteza mengi kabla haujafika jikoni. Bibi aliinusa kokwa ile akaomba aishike. Tangu siku hiyo kile kichupa hakikutumika tena. Inafaa kukumbuka kwamba kungumanga ni kiungo chenye nguvu, na vijiko vya chai viwili au vitatu kwa mtu mmoja vinaweza kumletea kichefuchefu, mapigo ya moyo ya haraka na hata njozi za macho wazi. Juu ya bilauri, mipitisho michache ya kikunio inatosha.

Pombe sasa ninaiweka mezani katika chupa yake, pembeni, pamoja na kipimo kidogo. Anayetaka hujitilia katika bilauri yake, na jagi linabaki safi kwa wote. Mpango huu ulinifundisha umakini wa namna nyingine pale jirani yangu, dada mmoja Mwislamu ambaye naye ni mtu wa Tanga, alipotutembelea siku ya Boksingi Dei na watoto wake. Nilikuwa na furaha kumwambia kwamba jagi halina pombe, kisha kabla sijammiminia nikaitazama chupa ya vanila. Vanila ya maji inayouzwa Marekani kwa mujibu wa kanuni huwa na pombe isiyopungua asilimia 35. Nilimweleza, naye akashukuru na kuchagua chai ya iliki, na watoto wake vilevile. Siku hizi ninatumia ganda la vanila lililopasuliwa na kuchemshiwa ndani ya maziwa, au unga wa vanila usio na pombe ukipatikana, na mwaka uliofuata dada huyo na wanawe walikunywa pamoja nasi. Kwa wale ambao maziwa ya ng'ombe yanawasumbua tumbo, mwenzangu mmoja wa kazi aliyetoka Puerto Rico alinionyesha kokito ya kwao, ambayo msingi wake ni tui la nazi, maziwa mazito matamu ya kopo, mdalasini na ramu, na ambayo wengi huitengeneza bila mayai kabisa. Ukiondoa ramu na ukabadilisha maziwa ya kopo kwa tui zito lililotiwa sukari, unapata kinywaji ambacho mtu wa pwani yetu atakitambua kwa harufu kabla hajakionja.

Mezani, jagi lisikae zaidi ya saa mbili nje ya friji. Ninamimina kwa awamu, jagi dogo likiisha ninajaza jingine kutoka friji, na kinachobaki katika jagi lililokuwa mezani sikirudishi ndani. Friji iwe na nyuzijoto 4 au chini yake, na egnogi iliyopikwa ninaimaliza ndani ya siku tatu. Mabaki ya siku ya tatu huloweka mkate wa jana unaokaangwa kwa siagi, na hayo ndiyo matumizi bora kuliko yote ninayoyajua, kwa kuwa mayai, maziwa na sukari vyote vimo tayari.

Mama yangu aliponipigia simu kutoka Korogwe na kunisikia nikisifu kinywaji hiki, aliniuliza kama anaweza kuwatengenezea wajukuu alio nao. Tuliongea kwa muda mrefu, shikamoo na habari za nyumbani zikiwa zimekwisha, tukapitia hatua moja baada ya nyingine kwa vitu alivyo navyo. Maziwa ya ng'ombe wa jirani lazima yachemshwe kwanza hadi yafure, kwa kuwa hayajapita kiwandani. Mayai ya kienyeji ni madogo, hivyo badala ya 6 atumie 8, na kila moja alivunjie katika kikombe peke yake kabla ya kulichanganya na mengine, ili lililooza lisiharibu yote. Krimu akiikosa, utando unaoganda juu ya maziwa yaliyochemshwa na kupoa unaweza kupigwa pamoja na mayai, kisha vyote vichujwe. Kipimajoto hana, basi autegemee mgongo wa mwiko na mstari usiojifunga, na baada ya kuuona aendelee kukoroga dakika moja zaidi kwenye moto mdogo wa jiko la mkaa lililofunikwa majivu. Barafu hana, na friji yake haiaminiki kwa sababu ya kukatikakatika kwa umeme, kwa hiyo nilimshauri asiilaze. Aimimine ikiwa ya moto, aikunie kungumanga juu, watoto wainywe jioni hiyohiyo, na itakayobaki isingoje asubuhi. Iliki nilimwachia achague mwenyewe, naye aliitia.